Pumzi ya Boti ya Abti Yusuf

Mto Tana ukianza kufurika, harufu hufika mjini kabla ya maji. Ni harufu ya tope jekundu, ya majani yaliyooza na ya mbuzi walioloa. Mimi huongezea na harufu ya dizeli, kwa sababu msimu ninaousimulia nilikuwa darasa la sita, na kila nilipotoka shule nilishinda ukingoni, upande wa Garissa, kwenye boti ya chuma ya Abti Yusuf. Abti ni mjomba, ndugu wa mama. Barabara ya ng'ambo ilikuwa imemezwa na maji, na shambani kule, juu ya mwinuko uliokuwa ukipungua kila asubuhi, Ayeeyo, nyanya yetu, alikuwa amebaki na mbuzi wake. Wenye mitumbwi walikwenda kumchukua, akawafukuza. Mitumbwi haikuweza kubeba kundi, naye hakuwa mtu wa kuacha kundi. "Nije mjini nile nini, lami?" alimuuliza mama kwenye simu. Tegemeo letu likawa boti ya Abti, iliyokuwa na nafasi ya mbuzi wote. Lakini boti yenyewe ilikuwa imeishiwa nguvu.

Kuwaka iliwaka. Ila ikiongezwa mafuta ilikohoa moshi mweusi, ukafuatiwa na wa buluu, na mkondo ukairudisha nyuma kama mtu anayesukumwa kifuani. Abti akamwita Fundi Mutua, Mkamba mwenye karakana mtaani Waberi, ambaye watoto tulimpenda kwa kuwa hakuwahi kujibu swali nusu. Nilipomuuliza kwa nini moshi una rangi mbili, alikaa kwenye ukingo wa boti akanieleza. Injini ile ilikuwa ya aina ya zamani, isiyoweza kuvuta hewa yenyewe. Ubavuni ilikuwa na kile mafundi wanachokiita blowa, ambacho baadaye nilikikuta vitabuni kikiitwa supachaja: sanduku la chuma lenye rota mbili nene, zilizosokotwa kama kamba, zinazozunguka na kupishana bila kugusana, zikisukuma hewa kuingia kwenye silinda. "Mafuta ni chakula, hewa ni pumzi," alisema. "Huyu anakula vizuri. Kupumua ndiyo shida, ndiyo huo moshi mweusi."

Aliinama akatazama mdomo wa blowa, kisha akaanza kucheka. Abti alikuwa ameufunga kwa kitambaa, shash ya zamani, mtandio wa kichwani wa wanawake wetu, ikiwa imekunjwa mara mbili na kukazwa kwa kamba. Kwetu kila chombo cha maziwa hufunikwa, maana vumbi la Garissa haliombi ruhusa, na kwa Abti mdomo ni mdomo. Wakati wa kiangazi kitambaa kilimfaa. Mvua ilipokuja, vumbi lililonaswa humo likawa tope, na tope likakauka kama plasta ya ukuta.

"Yusuf! Umefunika injini kama chombo cha maziwa?"

"Fumbi, walaal, ndugu yangu. Wewe unajua fumbi ya hapa." Abti akikasirika, herufi v ilimponyoka.

"Naijua. Sasa niambie, unauza maziwa ama unavusha watu?"

Abti mwenyewe alicheka. Akaking'oa kitambaa, akakitupa mtoni, akataka tuondoke saa hiyo hiyo. Mutua hakusogea. Aliingiza kidole ndani ya blowa, akakitoa kikimetameta mafuta ya injini. Hapo kicheko kikaisha. Alieleza kwamba mdomo ukizibwa, blowa huvuta kwa nguvu hadi mafuta ya kulainisha beringi zake hupenya kwenye sili, zile pete laini zinazopaswa kuyazuia, yakaungua na kutoa moshi wa buluu. Nyuzi za kitambaa nazo zilikuwa zimeingia na kuzikata pete hizo. Injini ya namna ile ikizoea kunywa mafuta yake yenyewe, inaweza siku moja kupandwa na wazimu: unafunga dizeli, nayo inazidi kukimbia mpaka ipasuke.

"Mama yangu yuko kule, Mutua," Abti alisema.

"Ndiyo maana siwashi."

Haraka haraka haina baraka, lakini ni methali ngumu kuimeza huku ukiona maji yakipanda. Spea za kutoka Nairobi zisingefika, barabara haikuwepo. Kwa bahati, nyuma ya karakana ya Mutua ililala injini ya ukoo ule ule, iliyowahi kusukuma maji ya umwagiliaji, na ndani ya blowa yake beringi na sili zilikuwa bado nzima. Tulifungua zote mbili juu ya turubai. Mimi nilipewa kazi ya kuosha vipande kwa dizeli na kuvipanga kwa mfuatano vilivyotoka nao, ili kurudisha kusiwe kubahatisha. Mutua alifunga beringi na sili, akalinganisha alama za gia zinazoziongoza rota, kisha akatafuta kipimo chake cha bati jembamba, cha kupimia nafasi kati ya rota, asikione. Nikatoa kwenye mkoba wangu wembe wa kuchongea penseli. Alinitazama, akautazama wembe, akasema, "Lete."

"Zungusha polepole, kama unasaga," aliniambia. Nikawa nazungusha shafti, yeye akipitisha wembe katikati ya rota. Upande mmoja ulipita bila shida. Upande wa pili ulikwama: hapo rota zingegusana. Abti aliguna, akasema ukipita upande mmoja inatosha, tufunge twende. Mutua, badala ya kubishana, alifungua gia moja, akaondoa kipande chembamba cha bati nyuma yake, na rota ikasogea kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Tukapima upya. Wembe ukapita pande zote, kwa ulaini ambao mkono wangu unaukumbuka hata sasa.

Boti tuliijaribu ikiwa imefungwa ukingoni. Abti alisema bismillahi, akawasha. Moshi ulitoka kidogo, ukapauka, ukapotea kabisa. Akaongeza mafuta: kamba ikakazika, maji nyuma yakachemka, na injini ikatoa ule mlio wa juu, mkali, wa blowa inayopumua. "Haya, kata kamba kabla haijang'oa mti!" Mutua alipiga kelele. Tulivuka tukiukabili mkondo uso kwa uso. Ayeeyo alikuwa amesimama maji yakimlamba miguu, kundi likiwa nyuma yake. Abti alimnyooshea mkono. Ayeeyo akaupiga kwa fimbo. "Mbuzi kwanza!" Tukapakia mbuzi wote, na wa mwisho kupanda alikuwa yeye, akilalamika kwamba tumechelewa.

Leo mimi ni fundi wa boti hapa hapa, na injini nyingi ninazoshika zina kompyuta inayotaja ugonjwa wake kabla sijafungua kifuniko. Sisikitiki kwamba enzi ile imepita. Mji mzima kumsubiri fundi mmoja si jambo la kutamani. Mafuriko yaliyopita, injini ya boti moja iliyojaa abiria ilizimika katikati ya mto. Nilikimbia kutafuta mtumbwi, na kabla sijaupata, msichana niliyemfundisha kazi, aliyekuwa ndani ya boti, alikuwa ameshaifungua, ameshaitibu na kuiwasha. Alinipungia mkono akapita. Nilibaki ukingoni na boksi langu la spana, sina kazi, nikipiga makofi.