Mungu Hatikiswi

Harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yanayochacha hunifuata hata hapa Ruangwa mjini, kwenye chumba nilichopanga nikisubiri ajira. Ikiingia dirishani, nakuwa tena mtoto kule Ruponda, miguu imelowa umande, nyuma ya Bibi.

Bibi mzaa mama alikuwa Mmakua, aliyeletwa na wazazi wake kutoka Msumbiji akiwa mdogo. Kila asubuhi, kabla ya kuokota korosho ya kwanza, alisimama chini ya mkorosho wa mwanzo, akashusha kikapu na kusema: "Baba, tumeamka. Tusaidie kwa ya leo. Anna mwangalie." Basi. Kisha anainama.

Anna ni mama yangu. Msimu ule wa korosho alikuwa amelazwa hospitali Nachingwea, nami nikabaki na Bibi. Sala ile ilinitia hofu. Mama anaumwa kiasi kile, halafu sisi tunampa Mungu maneno machache kama tunamsalimia jirani njiani? Hata mtani wa Bibi, Mama Zuhura, Mmwera wa shamba la pili, alimchokoza. "Wewe Mmakua, unamwamkia Mungu mbio mbio, utadhani umeacha chungu motoni." Bibi akamjibu kwamba Wamwera husali mpaka korosho zikaota chini.

Nikaamua kuziba pengo mwenyewe. Kila jioni nilipiga magoti mkekani, nikataja watakatifu wote niliowajua, nikaweka nadhiri juu ya nadhiri. Nikikosea neno narudi mwanzo, maana niliamini neno moja likiharibika Mama atazidiwa. Ikafika mahali naogopa hata kuanza.

Asubuhi moja shambani nikashika tawi nikalitikisa kwa nguvu zangu zote. Nilitaka vikapu vijae upesi, nirudi nyumbani nikasali. Zikamwagika korosho za kijani. Kwetu korosho haiangushwi. Huachwa idondoke yenyewe ikikomaa, ndiyo maana tulirudi chini ya miti ileile kila siku. Bibi hakunichapa. Alinitilia korosho mbichi kiganjani, akauliza nina haraka gani. Nikamweleza yote huku nalia.

"Mjukuu wangu," akasema, "Mungu hatikiswi. Ya leo okota leo."

Tangu hapo nilisimama naye kila asubuhi nikaitikia Amina. Sitasema nilipata imani kubwa. Nilikuwa nimechoka kuogopa, nikaona heri kuogopa nikiwa karibu na mtu.

Mama alifariki msimu ukielekea mwisho. Siku zote za matanga Mama Zuhura na wanawe waliokota korosho zetu na kuzianika uani, bila kuombwa. Matanga yalipoisha alikuja kukipambazuka, akasimama mlangoni.

"Amka, Mmakua. Korosho hazijui msiba."

Mtu mwingine asingethubutu, ila mtani ana ruhusa. Akatangulia shambani, na kwa nyuma nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya khanga njia nzima.

Chini ya mkorosho wa mwanzo Bibi alishusha kikapu. "Baba, tumeamka," akasema, na sauti ikakatika. Mama Zuhura akageuzia uso upande wa pili. Mara nikasikia maneno yakitoka kinywani mwangu, wala sikuwa nimeyapanga.

"Tusaidie kwa ya leo."

Jina lililozoea kufuata hakuna aliyelitaja. Bibi akaitikia Amina, tukainama kuokota.

Nimesoma mpaka chuo kikuu, na bado nikitoka kwenye usaili nakesha nikipima kila jibu nililotoa. Nimepima na sala zile pia, kama zilisikiwa au hazikusikiwa, na sijapata jibu la kunitosha. Miaka mingi niliamini Bibi alisali kwa ufupi kwa kuwa hakuwa na hofu. Leo naona alikuwa na hofu kunizidi. Alikuwa mama, na mwanawe alikuwa anakufa. Maneno yale machache ndiyo aliyoweza kuyabeba bila kuanguka, akayabeba asubuhi baada ya asubuhi, mpaka yakaota ndani yangu nami sina habari.

Wenzangu hutaja siku waliyompokea Mungu: kipaimara, mkutano wa injili. Mimi siijui yangu. Ninachojua ni kwamba siku maneno yalipomshinda Bibi, hayakunishinda mimi.