Chokaa ya Nyumba ya Kodi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefika Idara ya Majengo pale Lodwar na viatu vya kuazima, nikiwaza kwamba nitapewa mwiko nianze kupiga lipu mara moja. Fomani wetu, mzee aliyetoka Mombasa, akanipa fimbo ndefu na kunionyesha shimo lililojaa kitu cheupe kama uji. "Koroga," akasema. Nikakoroga. Nilipochoka nikamuuliza mwiko nitapewa lini. Akanitazama juu mpaka chini. "Nenda nyumbani, kijana. Kesho urudi na subira." Nilirudi kesho yake, akanipa fimbo ileile.

Uji ule ulikuwa chokaa. Nyinyi vijana wa siku hizi mnaijua ya kupaka kwenye miti ya shuleni tu. Sisi tulizima chokaa ndani ya shimo, yaani tuliimwagia maji ikachemka yenyewe bila moto, kisha tukailaza humo miezi kadhaa, imefunikwa na maji juu. Fomani alikuwa anaichota kwa kidole na kuionja. Eti ikiwa bado kali haijakomaa. Tulimcheka, lakini mgongoni mwake.

Nyumba ya kwanza niliyofanyia kazi ilikuwa Nyumba ya Kodi, jengo la mawe lililojengwa na wakoloni, ambako wazee wetu walikuwa wakitozwa. Ukuta wake ulikuwa mnene, na jua la Lodwar likiwaka nje, ndani ulitamani ulale. Nilipomwambia baba nimepata kazi pale, aliacha kula. "Unaenda kupamba nyumba iliyokula mbuzi zangu?" Hakukanyaga pale mpaka alipokufa. Mimi niliipenda nyumba ile, sitaficha. Pale ndipo nilipojifunza timazi, ile risasi ya kuning'inia kwenye uzi inayokuambia kama ukuta umesimama wima au unakudanganya. Hata Kiswahili hiki mnachokisoma nilifundishwa pale na Fomani, kwa matusi mengi na chai ya rangi.

Halafu akaja Inspekta wa Majengo mpya. Kijana msomi, kalamu tatu mfukoni. Mvua ilikuwa imekula lipu ya chini, jambo la kawaida, tulikuwa tunairudishia kila baada ya miaka. Inspekta akagonga ukuta kwa kalamu. "Hii chokaa ni mambo ya zamani. Pigeni simiti nyumba yote. Nataka kuiona mpya wiki mbili kutoka leo."

"Afande," Fomani akamwambia, "udongo wa hapa una chumvi. Maji yanapanda ukutani kutoka chini, na chokaa inayatoa nje. Ukipiga simiti, umeuziba ukuta pua."

"Mzee, wewe unastaafu lini?"

Alistaafishwa mwezi huohuo. Inspekta akaniita, akaniuliza kama simiti ninaiweza. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na nilikuwa nalitaka lile koti la kaki la fomani kuliko kitu chochote duniani. Nikasema ninaiweza. Fomani hakunigombeza. Aliifunga timazi yake kwenye kitambaa, akaiweka juu ya ndoo yangu, akaenda zake kutafuta lori la Kitale. Niliipiga nyumba simiti siku kumi na mbili. Ilimeta kweli! Inspekta alinishika mkono mbele ya watu wote, akanipa lile koti.

Baada ya hapo nilihamishwa huku na huko. Lokichar, tulijenga nyumba za wauguzi wakati pale palikuwa na duka moja tu na punda wengi. Kerio, ambako Mhandisi wa Wilaya alitulisha samaki mpaka tukaota magamba. Kisha Kakuma, kukarabati ofisi ya chifu na kujenga vibanda vya soko. Huko nilifahamiana na Mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliyekuwa akituletea maji ya kuchanganyia udongo kabla hajaanza biashara yake ya unga. Alikuwa na mdomo, huyo mama. Kibanda kikienda upande kidogo alikiona kabla ya timazi. Zilikuwa siku nzuri, na nikizikumbuka natamani kulia.

Nilistaafu mwaka 2012. Niliporudi Lodwar kukaa, nilikwenda kuiona Nyumba ya Kodi. Simiti ilikuwa imetuna kama ngozi iliyoungua. Niliibandua kipande kwa kidole, na jiwe la ndani likamwagika kama unga. Nilijua palepale. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Mwaka uliofuata serikali ya kaunti ikaanza, na kila mtu akawa na mpango. Mmoja wa mipango hiyo ulikuwa kuongeza ushuru wa soko kwa kila kitu kinachouzwa, mbuzi, samaki, unga, makaa, ili nyumba za zamani za serikali zitengenezwe. Afisa wa Mapato alinifuata nyumbani. "Mzee, watu wanakuheshimu. Njoo useme pale Kakuma kwamba nyumba inakufa kwa uzee. Ushuru ukipita, kontrakta akija, wewe ndiwe msimamizi." Msimamizi! Wa nyumba yangu! Nilipiga pasi koti la kaki usiku uleule.

Mkutano ulifanyika chini ya turubai, joto la kukausha mate. Nilisimama nikaeleza uzuri wa ile nyumba, mawe yake, madirisha yake. Mzee mmoja mfugaji akanikatiza. "Ile ilichukua mbuzi za baba yetu. Leo inataka zetu tena?" Watu wakapiga kelele. Nikajibu kwamba nyumba haina kosa, kosa ni la waliokaa humo, na kama tukiiacha ianguke wajukuu watasikia habari ya wale mbuzi wapi? Hapo wengine waliitikia kwa kichwa. Afisa akatabasamu.

Ndipo Mama Achol aliposimama, akanisalimu kwa Kiturkana. "Fundi, ejok?"

"Ejok, mama."

"Mimi nauza unga kidogo kidogo. Nyinyi mukiongeza ushuru, mimi naongeza bei, mutoto wa mwingine analala njaa. Sawa, kama ni lazima, ni lazima. Lakini wallahi niambie kweli. Nyumba ilisimama toka wakati ya wazungu. Jua ni ileile, mvua ni ileile. Sasa ni nani aliharibu?"

Nilifungua mdomo kusema uzee. Yule mama alinichotea maji mwaka mzima na hakuwahi kuniletea ndoo iliyopungua. Niliona aibu, jamani, aibu ya kuvuliwa nguo.

"Ni mimi," nikasema.

Nikawaambia yote, shimo la chokaa, Inspekta, simiti, koti nililolivaa. Nikawaambia pia kwamba mawe mengi bado ni mazima, na ukuta ukibanduliwa simiti na kupigwa chokaa utapona. Afisa alikuwa ameinamia karatasi zake.

Yule mzee mfugaji akasimama tena. "Kwetu mtu akivunja kitu cha mwenzake analipa kwa mbuzi zake. Halipi kwa mbuzi za soko." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mambo ya ushuru yakaishia hapo kwa siku ile. Afisa hakunipa lifti ya kurudi.

Mimi mila yetu naijua, sikuhitaji kukumbushwa mara mbili. Niliuza mbuzi, nikaagiza magunia ya chokaa kutoka Kitale, nikaomba ruhusa, nikachimba shimo palepale palipokuwa na lile la kwanza. Nimekoroga kwa fimbo, umri huu! Nimesubiri miezi. Nimeionja kwa kidole kama alivyokuwa akifanya Fomani, na sasa najua hakuwa anacheza.

Nabandua simiti yangu mwenyewe kila asubuhi kabla jua halijapanda, kisha napiga lipu kidogo kidogo, timazi ya Fomani ikining'inia mbele yangu. Nyinyi mnaoshika mwiko leo, mkubwa akiwaambia mfanye jambo mnalojua ni baya, koti atakalowapa litachakaa upesi. Langu ninapangusia mikono.

Wiki jana Mama Achol alishuka Lodwar kununua unga, akapita pale. Aliegemeza kiganja chake kwenye ukuta mbichi, akakaa hivyo muda mrefu. "Baridi," akasema. Kisha akauliza kama bado sana.

Bado. Baba aliletwa hapa na askari pamoja na mbuzi zake, mimi nimeleta mbuzi wangu bila kusukumwa na mtu. Nimebakiza ukuta wa nyuma, na mbuzi watatu.