Puli Iliyofichwa Kihengeni

Juzi nilipita nyuma ya stendi ya Karatu, pale vijana wanapokereza vyuma, nikakutana na ile harufu: oili iliyoungua juu ya chuma cha moto. Miguu ikagoma. Mkinikuta nimeduwaa karibu na karakana, jamani, msinicheke. Namkumbuka baba.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba, ndani mna mashine ya kukerezea aliyoipata kwa mzungu wa Oldeani aliyekuwa anafunga shamba lake la kahawa. Miaka ile ya uhaba spea ulikuwa unaisikia tu. Mashine ya kusaga ikivunjika puli, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda, watu walimfuata baba. Alichukua ngoma ya breki ya lori bovu, akaikereza mpaka ikapata mfereji wa mkanda. Kisha alikata bamba nene la kufungia injini, akalitoboa matundu marefu badala ya duara, ili injini isogezwe nyuma mkanda ukilegea. Chengachenga za chuma zilituchoma nyayo, nasi tukaendelea kutembea peku hivyohivyo.

Mama, yeye, alisaga kwa jiwe. Mke wa fundi wa mashine, hebu fikirieni. Jirani zake walimtania mpaka wakachoka. Alipiga magoti kwenye jiwe tangu alfajiri, bega likimuuma, na baba alikuwa ameahidi kumfungia mashine yake mwenyewe pale nyumbani. Injini kuukuu alishaipata, ameifunika turubai. Lakini kila puli ilipokamilika, mgeni alipiga hodi, na kwetu mgeni hasemi shida yake kabla hajala. Mama alimpikia ugali wa unga wake wa jiwe, mgeni akashiba, akanawa, ndipo akasema mashine ya kijijini kwao imesimama. Mtu umeshamlisha, utamnyimaje? Puli ikaondoka.

Safari moja baba akawa mjanja. Alimaliza puli na bamba, akavifukia kwenye kihenge cha mahindi. Alimwonyesha mama peke yake, na mimi kwa kuwa nilikuwa nimeng'ang'ania sketi yake. Mama alilipapasa lile bamba kama anavyopapasa ndama. Siku ile aliimba jikoni.

Kabla mkanda haujapatikana, akaja mwanamke mmoja kutoka Mbulumbulu na punda wake, mtoto mgongoni, ametumwa na wenzake kutafuta puli ya mashine yao. Baba alimjibu bila kumtazama, "Puli sina, mama. Labda mwezi ujao." Mama alikuwa ameshawapa uji. Alimtazama yule mtoto akilamba kikombe, akaingia kihengeni, akatoka na puli, akarudi akatoa na bamba.

Baba hakugomba. Alimwambia mama tu, "Sawa, Mama Paulina," akamsaidia mgeni kufunga mzigo, akarudi karakanani. Aliendelea kutengeneza puli za watu, ya mama hakuitaja tena. Injini ikaliwa na kutu chini ya turubai. Mama akabaki na jiwe lake miaka na miaka, mpaka mkono wa kulia ukawa haufiki kichwani, mimi ndiye namfunga kilemba.

Nilidhani yale mambo yalikwisha kwa amani, maana hakuna aliyepaza sauti. Mtoto anaujua ugomvi wa kelele. Ule wa kimya nilikula nao sahani moja utoto wangu wote, nisiujue.

Baba alipougua nilimuuliza kwa nini hakutengeneza nyingine.

"Mama yako hakuitaka," alisema. "Angeitaka asingeitoa."

Tulipomaliza matanga nikamuuliza na mama. Alisugua bega.

"Niliitaka sana, mwanangu. Nilingoja anitengenezee nyingine. Nikaona amekasirika, nikaona haya kumwomba."

Watu hawa walipendana, na kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Inaniuma mpaka leo.

"Na yeye," mama akauliza, "alikuambiaje?"

Nikamwambia hakusema kitu.