Soda Niliyoimwaga Ogwedhi

Nikiwa na miaka tisa nilimwaga soda ya baba nyuma ya pikapu, nikafukia povu lake kwa kiatu, nikajiona nimemwokoa. Nilikaribia kumuua.

Harufu ya viazi vitamu vilivyochemshwa ndiyo hunirudisha huko. Mama alivifunga kwa kitambaa vikiwa bado moto, akavipanga juu ya mayai, njugu na nyoyo, yale mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha, kisha akanikabidhi mkoba mimi, si baba. Baba aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alitoka Homa Bay alfajiri, akapitia Ogwedhi siku ya soko la mifugo, akamalizia Ntimaru. Wakati wa likizo alinichukua. Ilikuwa safari ya siku nzima, na magunia nyuma yetu yalinuka ziwa mpaka mwisho wa njia.

Baba alikuwa na sukari. Nyumbani tulisema hivyo tu, nami nikaelewa kwamba imejaa mwilini mwake na kazi yangu ni kuzuia nyingine isiingie. "Asiguse mandazi wala kitu kitamu," mama aliniagiza.

"Huyu ndiye askari wangu," baba aliwaambia wateja. "Hata chapati naomba ruhusa."

Siku hiyo, pale Ogwedhi, nilipekua mkoba nikitafuta yai, nikakuta chini kabisa chupa ya soda imeviringishwa kwenye leso. Nikajua baba ameificha. Alipokuwa akibishana bei na mteja, niliimwaga yote, nikairudisha chupa tupu palepale ili aikute na aone haya. Mabishano yalirefuka. Saa ya chakula ikapita, na baba alikuwa amejidunga sindano yake ya insulini asubuhi kama kawaida.

Tulipokaribia Ntimaru alisimamisha gari kando ya barabara. Shati lilikuwa limelowa jasho, na mikono ilitetemeka juu ya usukani.

"Sukari," akasema.

"Najua, baba. Pole."

"Sukari, nyathina." Nyathina, mwanangu, aliniita hivyo akinibembeleza. Akaingiza mkono mkobani, akapapasa, akatoa chupa. Aliitazama, kisha akanitazama mimi. Halafu kichwa kikamwinamia.

Mama mmoja Mkuria aliyekuwa akiuza ndizi hapo karibu alikuja mbio.

"Huyu mzee ako na sukari?"

"Ndiyo."

"Imepanda ama imeshuka?"

Sikuwahi kusikia kwamba sukari hushuka. Nilianza kulia. Hakungoja jibu, alichukua chupa yake ya chai, akamimina kikombe, akaongeza sukari, akamnywesha baba kidogo kidogo, huku akimshikilia kidevu kama mtoto.

Baada ya muda baba alifumbua macho. "Tumefika wapi?"

"Umefika kwa chai yangu, mzee. Sasa kula hivyo viazi, na hutaondoka kama hujamaliza."

Alikula viwili na yai. Yai nilimmenyea mimi.

Nyumbani, mama alipokuwa akitoa vitu mkobani, aliinua ile chupa. "Naona ulihitaji soda niliyokuwekea."

"Niliinywa," baba akajibu, akifungua kamba za viatu. "Ilinisaidia sana."

Hapo ndipo nilipojua nani aliyeiweka. Ilinichukua miaka zaidi kuelewa kwamba mama alipakia mkoba wenye pande mbili: chakula cha kumlinda na sukari, na chini yake sukari ya kumrudisha. Upande mmoja tu ndio alioniambia, labda kwa kuogopa kunitisha.

Siku hizi ninayeendesha ni mimi, na ninayefunga viazi ni mimi. Baba, mvi kichwa kizima, huuliza jambo moja kabla hatujaondoka: "Soda iko?" Hunitazama kidogo anapouliza. Sijawahi kumwambia kwamba niliimwaga. Naye hajawahi kusema kama, miaka yote hii, amekuwa akidhani niliinywa.