Lornah na Lugha ya Kwenda Kuposa

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, Lornah Kasaya huingia katika ukumbi wa kanisa pale Kangemi akiburura sanduku la bati. Ndani mna koti la suti lililopauka, miwani isiyomsaidia mtu kuona, leso, na kofia ya pama ya mzee. Hiyo ndiyo shule yake nzima. Akivaa koti, ni meneja. Akiishusha miwani hadi ncha ya pua, ni tajiri wa Loresho aliyekukuta umeegemea lango lake. Wanafunzi huja mbele mmoja mmoja na kumsemesha mtu huyo. Ukimsalimia meneja kama unavyowasalimia wenzako kwenye steji ya matatu, unarudishwa mlangoni uanze upya, na darasa zima linakucheka mpaka unajicheka mwenyewe.

Cheti cha ualimu hana. Miaka ishirini na miwili alikaa mapokezi ya kampuni moja ya bima katikati ya jiji, akipokea simu na watu. Pale aliona jambo lililomuuma sana: watu wenye haki yao wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu hawakujua kuisema, na waongo wakipanda lifti kwa sababu walijua. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi alirudi Kangemi na hasira hiyo, akamwomba mchungaji ukumbi. Waliokuja ni mayaya, masoja walinda nyumba, mafundi na kina mama wa sokoni, watu ambao riziki yao iko Kileleshwa na Loresho kwenye malango ya wengine.

"Sheng si dhambi," huwaambia. "Ni nguo ya nyumbani. Lakini hata wewe huendi kanisani na kaptura ya kulalia."

Kanuni yake kuu ilikuwa moja, na aliitoa mapokezi: sema jina lako, sema unachotaka, sema lini. Ukizunguka mbuyu, simu imekatwa.

Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote, ingawa ungemuuliza angekana, alikuwa Maxwell, fundi wa rangi. Alipofika mara ya kwanza, kila mwanamume kwake alikuwa "buda" na kila mwanamke "mathe". Miezi minne baadaye alisimama mbele ya meneja wa jengo la ghorofa nane huko Kileleshwa, akasema jina lake, anachotaka, na lini ataanza. Akapewa kazi papo hapo. Lornah alisimulia habari hiyo hadi majirani wakaanza kumkwepa.

Kwa hiyo Maxwell alipomwambia kwamba anataka kumwoa Mwihaki, binti wa Mzee Waithaka wa Kinoo, Lornah hakuona kazi kubwa hapo. Baba yake Maxwell alikuwa amekwisha kufariki. Mama yake alikuwa Vihiga, na miguu haikumruhusu kusafiri. Ndugu pekee wa Nairobi alikuwa anko Lazarus, mtu mwema anayeweza kumaliza siku nzima kwa maneno sita.

"Madam, sasa huko nitasema nini?" Maxwell aliuliza.

"Vile nimekufunza. Mtu mkubwa hapendi kupotezewa wakati."

Akavaa kofia ya pama, akakaa kizee, wakafanya mazoezi mara tatu. Mara ya tatu ilitoka safi hata mama mmoja wa sukuma wiki akapiga makofi.

Jumamosi hiyo hiyo alasiri Maxwell na anko Lazarus wakafika Kinoo. Mzee Waithaka alikuwa amewaalika wazee watatu wa ukoo. Jikoni nyama ilikuwa inanukia. Chai haijamiminwa hata kikombe kimoja, Maxwell akasimama.

"Wazee, hamjambo. Naitwa Maxwell, mimi ni fundi wa rangi. Nimekuja kuomba kumwoa Mwihaki, na nitashukuru nikipata jibu kabla ya mwisho wa mwezi."

Mzee Waithaka hakumjibu kijana. Alimtazama Lazarus.

"Huyu alitumwa na nani?"

Lazarus akatazama viatu vyake.

"Hapa si ofisi," mzee akasema. "Mkimaliza chai, barabara mnaijua."

Wakanywa chai, na ilikuwa chai ndefu. Maji ya kunawa mikono hayakuletwa, nyama wakaiacha jikoni inanukia.

Jumamosi iliyofuata Maxwell aliketi nyuma kabisa. Hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lililomchoma Lornah. Alieleza tu yaliyotokea, na kwamba Mwihaki analia kila siku. Baba yake anasema hatatoa msichana kwa mtu anayemwagiza kama kochi. Ila mama yake, Waceke, amemsihi mumewe, na mzee amekubali mara moja tu: waje tena wakiwa na watu wazima. Wakiharibu, asilisikie tena jina la Maxwell katika boma lake.

"Lakini lugha ilikuwa sawa!" Lornah akasema. "Heshima ilikuwepo. Kosa liko wapi?"

Kwenye dirisha mtu alicheka kwa pua. Alikuwa Wahome, soja wa Loresho, mwanamume wa miaka hamsini na tano ambaye kwa miezi yote ile alikuwa akisoma kimya kimya namna ya kuongea na wenye magari.

"Madam, usikasirike," akasema. "Mimi ni wa huko kwa kina Mwihaki. Siku kama hiyo, kijana huwa haongei. Anaongelewa. Na wale wanamwongelea hawasemi wamekuja kufanya nini. Wanazunguka, wanazunguka, mpaka mwenye boma awaulize mwenyewe. Ukifika na haraka, ni kama unasema msichana ni wa kuokota njiani, na kwamba wewe huna watu."

Lornah alibaki ameishika kofia ya pama mkononi. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda shingoni. Kwa maana hata kwao Vihiga ilikuwa hivyo hivyo! Alipoposwa yeye, shangazi zake walizungumza habari za mahindi mpaka jua likapinduka. Alijua. Miaka ishirini na miwili ya "nikusaidie na nini" ilikuwa imemsahaulisha, na usahaulifu wake ulikuwa unamnyang'anya Maxwell mke. Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea.

Akaenda mbele, akamvika Wahome kofia. Kisha akakaa kwenye kiti cha wanafunzi.

"Nifunze," akasema.

Darasa lilishangilia, na halikumhurumia. Kila alipofika kwenye jambo kabla ya wakati, Wahome alimrudisha mlangoni, na mayaya wakacheka hadi machozi. Alirudishwa mara saba. Mara ya nane Wahome akaivua kofia.

"Tutaenda pamoja," akasema, "lakini wewe ndiye utasema. Kijana aliharibu na maneno yako. Acha yatengenezwe na mdomo wako."

Wakaenda wanne: Lornah, Wahome, Lazarus na Maxwell. Sanduku lilibaki nyumbani. Leso aliyojifunga Lornah safari hii haikuwa ya kuigiza.

Mzee Waithaka aliwapokea bila kutabasamu. Wakaketi. Wakazungumza juu ya mvua, ambayo ilikuwa imechelewa. Wakazungumza juu ya bei ya lishe ya ng'ombe, na Wahome na mzee wakagundua kwamba waliwahi kumjua daktari mmoja wa mifugo. Chai ikaja, ikanyweka, ikaja tena. Kwa Lornah ilikuwa adhabu. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili Wahome akakohoa. Saa nzima ilipita, akaanza kuogopa kwamba mzee ameamua kutouliza kabisa, kwamba wataagwa kwa adabu na mambo yaishie hapo. Maxwell aliketi mikono juu ya magoti, uso umemkauka.

Ndipo mzee akaweka kikombe chini.

"Na nyinyi wageni, hii njia yote mmekuja, kuna kitu mmepoteza huku?"

Lornah akavuta pumzi. Hakuharakisha.

"Ni kweli, baba. Wiki iliyopita tulilala, tukasahau kufunga zizi. Ndama wetu akaponyoka kabla sisi wenyewe hatujaamka. Tumefuata nyayo, zimetuleta hapa kwako."

Mmoja wa wazee alijisogeza kitini. Mzee Waithaka akakuna kidevu.

"Ndama alipita hapa," akasema. "Alikanyaga bustani yangu."

"Tumesikia, na tumeona aibu. Ndama hana kosa, baba. Kosa ni la aliyeacha zizi wazi, na ni mimi. Nimekuja unione uso."

Hilo halikuwa katika mazoezi. Lilimtoka tu. Mlangoni mwa jikoni, Waceke alisimama na kitambaa cha mkono, akisikiliza.

"Na kwa nini huyo ndama alikuja kwangu? Kinoo ina maboma mengi."

"Tunafikiri kuna majani mazuri aliyaona hapa," Lornah akasema, "na tangu siku hiyo, huko kwetu hali chochote."

Wazee wakacheka. Mzee Waithaka hakucheka, lakini bega lake moja lilitikisika. Akamgeukia Maxwell, ambaye tangu waingie hakuwa ametamka ila salamu na asante.

"Na huyu? Juzi alikuwa na mdomo mwingi sana. Leo haongei?"

Maxwell akamtazama mwalimu wake. Lornah hakumruhusu hata kwa jicho.

"Anaongea, baba," akasema. "Lakini leo amekuja na watu."

Mzee Waithaka aliwatazama wote wanne, mmoja mmoja, bila haraka. Akamtazama hata Lazarus na viatu vyake. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni.

"Mama Mwihaki," akaita, "leta maji, watu wanawe mikono."