Maneno Yaliyosemwa Kabla ya Wimbo wa Sita

Jina la Kishindo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wa gereji ya kaka yake, siku alipolipindua pipa tupu la oili, akashika mipini miwili ya nyundo na kulitwanga mpaka fundi aliyekuwa chini ya lori akatoka mbio akidhani jeki imeporomoka. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa ana sitini na sita, anashona viti vya magari katika kibanda nyuma ya gereji hiyohiyo, na jina bado limemganda. Ukimwita kwa jina jingine haitiki. Na hata ukimwita kwa hilo, akiwa kwenye cherehani hataki soga.

Katika kibanda hicho, rafu ya juu kabisa, kati ya mapande mawili ya sponji, kulikuwa na foronya, na ndani ya foronya kulikuwa na santuri. Kila mwaka, mvua zikianza, Kishindo alipanda kigoda, akaishusha, akaiangalia. Mwanzo ilikuwa nyeusi, inang'aa kama kiatu kipya. Baadaye ikaota weupe kama imenyunyiziwa unga. Halafu pembeni zikaja nyufa, kama matope yanayokauka. Ilianza hata kunuka, harufu chachu iliyokaa puani siku nzima. Kila alipoona imeharibika zaidi alisikia moyo ukitulia kidogo, kisha akaona haya kwa kutulia huko. Aliirudisha, akaendelea kushona. Alikuwa anangoja ife.

Mtu aliyestahili kuisikia santuri hiyo kuliko wote alikuwa mmoja, muuguzi wa hospitali, mwanamke wa miaka arobaini na miwili. Mama yake ndiye aliyeimba humo, naye alimfia akiwa na mwaka mmoja na nusu. Alilelewa na bibi yake, na Kishindo akawa mama yake mdogo, japo si wa damu. Alimshonea sare za shule, akasimama naye siku ya harusi. Mara tatu huyu binti aliuliza kama kuna mahali popote sauti ya mama yake imebaki, na mara tatu Kishindo alimjibu bila kupepesa macho: "Sina, mwanangu. Iliibiwa."

Kilichoitoa siri hiyo nje ni kiburi chake mwenyewe.

Jumamosi moja mchana binti alikuja kibandani na simu yake, akakaa juu ya kiti cha lori kilichokuwa kinangoja kitambaa.

"Mama mdogo, hebu sikiliza hii. Kuna watu kazi yao ni kutafuta albamu za roki zilizosahauliwa. Zile za gereji, za panki, watu wamerekodi bandani na hakuna aliyenunua. Hapa wameorodhesha wanawake watupu."

"Watupu? Nguo wamepeleka wapi?"

"Mama mdogo!" Binti alicheka. "Wanawake peke yao, bila wanaume. Sikiliza namba kumi na saba. 'Spana Kumi na Tatu. Wanawake wanne. Inasemekana walirekodi albamu moja. Hakuna aliyewahi kuisikia. Huenda ni hadithi tu, na albamu yenyewe haikuwahi kuwepo.'"

Kishindo aliacha kukanyaga cherehani.

"Nani kasema haikuwahi kuwepo?"

"Wameandika tu..."

"Wameandika! Nilipiga dramu siku mbili mpaka malengelenge yakapasuka, damu ikarukia ukutani, halafu mtu kakaa kwenye kiti chake huko anasema haikuwahi kuwepo? Alikuwepo yeye? Ipo! Ninayo humu humu ndani!"

Akasikia alichosema. Hata mafundi kule mbele, nadhani walisikia, kwa sababu nyundo zilinyamaza.

Binti aliishusha simu taratibu mpaka magotini. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Unayo," na halikuwa swali.

Sasa ni lazima niseme ni nini kilichokuwa ndani ya ile santuri, maana wimbo haumtii mtu hofu miaka arobaini na moja.

Mama wa binti huyu walimwita Radi. Alikuwa mwembamba, kidomodomo, asubuhi anauza vipuri dukani na jioni anapiga gitaa gerejini. Ukutani, juu ya benchi la zana, alibandika picha za wanawake wa roki alizokata kwenye magazeti ya nje, wamevaa jaketi za ngozi, gitaa likining'inia kiunoni, hawamchekei mtu. Hakujua lugha yao, na nyimbo zao alizisikia redioni kwa shida, zinakuja na kupotea. Lakini alizikagua zile picha kama mtu anayekagua injini: mkono umekaa vipi, mguu umesimama wapi. "Hawa hawaombi ruhusa," alikuwa akisema. "Na mimi siombi." Kishindo alimpenda kwa hilo. Wakawa wanne, wawili wengine mmoja alishahamia mbali na mmoja hayupo duniani, na wakajiita Spana Kumi na Tatu kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipotea kila siku.

Walirekodi alasiri mbili, kwa mashine ya kuazima. Siku ya kwanza nyimbo tano. Waliposikiliza, chini ya kila wimbo kulikuwa na mvumo, mmmm, kama nyuki ndani ya kopo, unatoka kwenye amplifaya ya gitaa la Radi. Siku ya pili ukawepo tena. Radi akakasirika, akasema haimbi juu ya nyuki. Kishindo alikuwa amekulia kati ya mafundi na hakuna kitu alichokubali kwamba hakijui. Alichukua plaisi, akafungua plagi, akaukata waya wa ethi, ule unaopeleka umeme mbaya ardhini. Mvumo ukafa palepale. Wakarekodi nyimbo tano za mwisho, safi, na hizo ndizo zilizokuwa bora.

Tepu waliipeleka kwenye kampuni ya santuri. Fundi wa kampuni akaimwaga yote kama ilivyo, bila kupunguza kitu, kwenye santuri moja ya majaribio ili meneja asikilize. Meneja alisikiliza nyimbo mbili. "Hii ni sauti ya mabati yanayoezuliwa," akasema, na tepu ikatumika kurekodi watu wengine. Santuri wakarudishiwa. Radi alicheka njia nzima.

Waya ule haukurudishwa. Hakuna aliyeukumbuka, hata yule aliyeukata. Miezi sita baadaye walipiga, kwa amplifaya ileile, kwenye ukumbi ambao sakafu yake ilikuwa imetoka kuoshwa. Radi alivua viatu kama kawaida yake. Mkono mmoja ulikuwa kwenye nyuzi za gitaa, na mwingine ukashika maikrofoni. Hakumaliza hata mstari wa kwanza.

Walisema umeme wa ukumbi ulikuwa mbovu. Fundi umeme wa ukumbi alifukuzwa kazi, akaondoka mjini na mke na watoto, na Kishindo alimwona akipakia vitanda kwenye gari. Hakufungua kinywa. Baada ya maziko aliipiga ile santuri mara moja, akiwa peke yake. Upande wa pili, kabla ya wimbo wa sita, akasikia watu wawili wanaongea, na mmoja alikuwa yeye. Akaiondoa kwenye mashine, akaitia kwenye foronya.

Jumanne asubuhi wakaenda kwa fundi redio, Kishindo na binti, bila maneno mengi njiani. Chumba cha fundi kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo, na meza yake ilikuwa na taa kali, mashine ya santuri na kompyuta. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyeweza kunyamaza.

"Karibu, bibi."

"Mimi si bibi yako."

"Haya, dada."

"Dada yako pia si mimi."

"Basi mheshimiwa, weka mzigo hapa." Alipoitoa santuri kwenye foronya, ucheshi ukamtoka. Aliinamisha taa, akainusa. "Hii si santuri ya dukani. Hii ni bati la alumini limepakwa rangi laini, ilitengenezwa ipigwe mara chache itupwe. Rangi inaachana na bati. Angalia hapa, inabanduka. Mngeniletea miaka kumi nyuma!"

Binti alimtazama Kishindo. Kishindo alitazama ukuta.

"Itapiga?" binti akauliza.

"Mara moja. Sindano ikipita, inaondoka na ilichokisoma. Kompyuta ikikamata, imekamata. Isipokamata, ndio mwisho."

Akaifuta kwa brashi laini, akaweka sindano. Kwanza mikwaruzo. Kisha ule mvumo, mmmm, ukatoka kwenye spika na Kishindo akahisi vinyweleo vinasimama. Kisha dramu, na juu ya dramu Radi, anaimba kama mtu anayegombana na mlango uliofungwa.

Binti alisogea karibu na spika. Alikuwa na umbo la mama yake, mabega yaleyale, na sasa mabega yakaanza kutikisika. Alivumilia nyimbo zote tano. Upande ulipokwisha alisema, "Nisameheni, naenda kunawa uso," akatoka kwenda bombani.

"Tumngoje," Kishindo akasema.

"Taa imeshaipasha joto, inajikunja. Tukingoja tunaikosa. Asihofu, atasikia kwenye kompyuta." Akaigeuza.

Mikwaruzo. Hakukuwa na mvumo. Halafu, karibu kabisa, kana kwamba wamesimama nyuma ya kiti:

"Kishindo, umekata?"

"Nimekata. Umekufa huo. Imba."

"Jamani, palivyo kimya! Mpaka naogopa." Na kicheko kifupi, kisha gitaa likaingia.

Fundi hakugeuka, macho yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. "Mlikata ethi, nini? Mambo ya zamani hayo. Mlikuwa mnacheza na kifo." Nyimbo zikaendelea, na nyuma ya sindano vipande vyeusi vikawa vinanyanyuka na kuanguka mezani, kama kucha zilizokatwa. Wimbo wa kumi ulipokwisha, upande ule ulikuwa bati tupu katika sehemu kubwa. Radi hakuwa na mahali pengine pa kukaa ila ndani ya ile kompyuta.

"Porojo zile za katikati niziondoe?" fundi akauliza. "Wengi hawazipendi."

Nje maji ya bomba yalikuwa bado yanamwagika. Kishindo alitupa jicho mlangoni. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo alilijua vizuri.

"Ziondoe," akasema.

Fundi alibonyeza kitufe. Sekunde tisa, zikaenda.

Binti aliporudi alikaa akasikiliza upande wa pili kuanzia wimbo wa sita, amefumba macho. Ulipokwisha hakulia. Alisema polepole:

"Kuimba nimemsikia. Lakini mtu akiimba si yeye kabisa, ama sivyo, mama mdogo? Nilikuwa natumaini kuna mahali atasema kitu. Hata kukohoa. Alikuwa akiniita, aliniita kwa sauti gani? Mimi sijui."

Fundi alifungua kinywa. Kishindo akamkazia macho, na fundi akakifunga, akainama kwenye kompyuta yake. Kwa sauti ya chini, akiongea na kioo, akasema, "Nataka kuhifadhi sasa. Nikishahifadhi, hakuna kurudi nyuma."

Miaka yote Kishindo alijiambia kwamba anamficha huyu mtoto jambo moja baya, na kwamba ni kwa faida yake. Sasa aliona amemwibia na kingine, dakika chache zilizopita, huku maji yakimwagika nje. Cha kwanza kilikuwa kosa la ujana na plaisi. Cha pili alikifanya akiwa na mvi.

"Rudisha," akasema.

"Rudisha nini?" binti akauliza.

Fundi alimwangalia Kishindo usoni mara ya pili kuhakikisha. Kisha akabonyeza.

*Kishindo, umekata?*

*Nimekata. Umekufa huo. Imba.*

*Jamani, palivyo kimya! Mpaka naogopa.*

Binti aliruka kwenye kiti. Alicheka kwa mkono mdomoni, na kicheko kilikuwa kilekile, neno kwa neno, kama kicheko kina maneno. "Ndiye? Huyo ndiye? Anaongea haraka hivyo! Rudia, fundi, tafadhali."

Fundi akarudia. Mara ya pili binti alicheka kidogo tu. Akaomba mara ya tatu, na mara hii aliinamisha kichwa kama anavyoinamisha akipima mapigo ya mgonjwa.

"Mlikata nini, mama mdogo?"

"Waya wa ethi. Kwenye amplifaya yake. Nilikata mimi."

"Ukaurudisha lini?"

Fundi alinyanyuka akasema anakwenda kutafuta kebo, na hakwenda popote, alisimama mlangoni.

"Sikuurudisha," Kishindo akasema.

Binti hakuuliza zaidi. Ni muuguzi, ameona waliochomwa na umeme, anajua umeme ukipita mkono hadi mkono, katikati kuna moyo. Vidole vyake vilicheza na kipande cheusi cha rangi kilichoanguka mezani, mpaka kikavunjika.

"Fundi," akasema. "Hifadhi. Usiondoe chochote, hata pumzi. Na wale watu wa orodha ya albamu zilizosahauliwa ukiwatumia, waandikie majina yote manne, na nani alipiga nini. Na pale kabla ya wimbo wa sita, andika anayejibu ni nani."

"Mwanangu," Kishindo akasema.

"Nimekusikia, mama mdogo. Sasa niache nimsikie yeye."

Akageuza kiti, akawapa wote mgongo, akaelekea spika. Fundi akaanzisha upya kutoka mwanzo. Mvumo ukajaa chumba. Kishindo alibaki amesimama kati ya meza na mlango, hakuambiwa aondoke, hakuambiwa akae, akasikiliza mikono yake mwenyewe ya miaka ishirini na mitano ikipiga bila kuchoka, inakwenda mbele, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu.