Jinsi jiwe la nyanya lilivyoponea nyundo ya fundi likapata kiti jikoni

Wakuu, shikamooni mlionitangulia, na wenzangu habari za saa hizi. Humu mimi huwa msomaji tu. Mambo yangu huyaandika kwenye daftari, lakini hili limenijaa mno. Ni la kweli tupu, limetokea kwetu Mwabungo, na ushahidi uko jikoni.

Niko form three. Nina haya kupita kiasi. Wageni wakija, mimi hujificha nyuma ya nyumba.

Huko nyuma, kando ya bomba, palikuwa na jiwe jeusi la kusagia. Nyanya alilitumia hadi likalika katikati kama kiganja. Alipohamia Majoreni kwa mjomba alituachia jiwe hilo pamoja na mtoto wake, yaani lile jiwe dogo la kushika mkononi. Kwetu likawa la kukanyagia tukiosha miguu.

Likizo hii baba akaanza kujenga jiko jipya. La vigae, wakuu! Fundi akahitaji kifusi cha kujazia sakafu, na macho ya watu yakaenda kwenye jiwe.

Roho iliniuma. Sijui niwaelezeje. Hata joto likiwa kali, ukiliwekea kiganja ni la baridi. Na halipigi kelele kama blenda. Mtu kama mimi huelewana na kitu kama hicho.

Nikamwambia mama, macho chini, "Mama, naomba lisivunjwe."

Mama akacheka. "Kumbe unaongea! Haya. Ijumaa fundi atakula hapa. Jiwe likitupa chakula, libaki. Lisipotupa, nyundo."

Sasa sikieni nilivyoharibu.

Jiwe lilikuwa limekanyagwa na kila mguu, kwa hiyo nikalisugua kwa sabuni ya unga, povu hadi viwiko. Nikajiona hodari. Jioni nikasagia pilipili na kitunguu saumu, nikapaka samaki.

Kaka yangu Hamisi akatafuna, akaacha. "Mama, leo tunakula au tunafua?"

Wakacheka wote. Nilikwenda zangu nyuma nikalia, kisha nikampigia nyanya.

"Umeliosha kwa sabuni? Kwani lilikuwa sare ya shule?" Akacheka hadi akakohoa. "Jiwe hunywa, mwanangu. Lisagie mchele mbichi, umwage, usage tena, mpaka unga utoke hauna harufu. Baada ya hapo ni maji matupu, maisha yake yote."

Nikasaga hadi mabega yakawaka moto. Unga wa kwanza ulinuka kufua. Wa mwisho nikauonja kwa ulimi: mchele tu.

Ijumaa, baba alipotoka msikitini na fundi, nilikuwa nishasaga tangawizi, saumu na pilipili, nikachanganya na tui na ukwaju, nikawapaka samaki aina ya changu juu ya makaa. By the way, blenda hukatakata, jiwe huponda. Saumu hutoa kila ilicho nacho. Harufu ilifika mkekani kabla ya sahani.

Mimi nikajibanza nyuma ya mlango.

Fundi alikula. Akafuta sahani kwa chapati hadi ikang'aa. "Mama Hamisi, nani kasaga viungo hivi?"

"Kamtafute nyuma ya mlango."

Nikatoka. Macho chini, lakini sauti ilikuja. "Ni mimi. Na nimesagia lile jiwe mnalotaka kulivunja."

Fundi akanyanyuka, akaliendea, akapitisha mkono pale palipolika. Akamgeukia baba. "Mzee, kifusi nitatafuta kwingine. Hili niambieni tu, msagaji wake hukaa au husimama?"

Baba akanitazama mimi. Wote wakanitazama.

"Husimama," nikasema.

Leo jiwe liko chini ya dirisha, juu ya kijukwaa cha saruji alichokipima fundi kwa kimo cha kiuno changu, vigae vyeupe vimelizunguka. Wageni wakija, mama huwapeleka kuliona kabla hata ya chai, na anayewaeleza ni mimi.

Nilichojifunza: kitu cha zamani kipe kazi kwanza, kabla ya kukipa nyundo. Na sabuni iwe mbali.

Nyie mlio na mawe ya kusagia au hata vinu vya mawe majumbani, mnayatunzaje? Semeni, nasoma yote.

Hamisi, najua uko humu. Wewe usijibu.